Unga Ung'aao Gizani: Jinsi Watu Walivyojifunza Kupima Udhahiri wa Picha

  Wewe uliye na karatasi hii mkononi waweza kuifuata sauti yangu mstari kwa mstari. Na ukipitwa na neno, utalirudia baadaye kwa nafasi yako. Maneno mageni yamo machache, na kila moja nitalieleza litakapofika.

Leo twasema habari za picha. Si picha za kuchorwa kwa mkono, bali zile zinazotokea juu ya kioo kwa nguvu ya umeme, kama zile za televisheni za zamani, au kama ile aliyoitazama daktari alipotaka kuona ndani ya kifua cha mgonjwa. Swali letu ni moja. Picha mbili zikiwekwa mbele yako, nawe ukasema, "Hii ni dhahiri kuliko ile," je, waweza kusema imeizidi kwa kiasi gani? Nguo hupimwa kwa mita na mchele kwa kilo. Udhahiri wa picha hupimwa kwa nini? Jibu lake lilichukua miaka zaidi ya 50 kupatikana, na habari yake haikosi maumivu ndani yake, kama utakavyosikia.

Tuanze mwaka 1895, katika mji wa Würzburg, nchi ya Ujerumani. Jioni ya tarehe 8 Novemba, Profesa Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa katika chumba cha giza akipitisha umeme ndani ya tyubu ya kioo iliyotolewa hewa. Tyubu hiyo alikuwa ameifunika kwa karatasi nyeusi nene, nuru isipate kutoka. Mara, mbali kidogo na tyubu, akaona karatasi nyingine iking'aa gizani. Karatasi hiyo ilikuwa imepakwa dawa iitwayo bariamu platinosianidi. Nuru ya tyubu haikuweza kuifikia, basi ni nini kilichoiwasha? Röntgen akatambua kwamba iko miali isiyoonekana kwa macho, ipenyayo karatasi, mbao na hata nyama ya mwili. Akaiita miali ya X, maana katika hesabu herufi X huwekwa mahali pa kitu kisichojulikana. Tarehe 22 Desemba mwaka huohuo aliupiga picha mkono wa mkewe. Mifupa ikaonekana, na pete ikaonekana kidoleni. Mwaka 1901 alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa.

Watu wengi wakisimulia habari hii huisifu miali wakaisahau karatasi. Mimi leo nataka uikumbuke karatasi. Unga wa namna ile, unaopokea nguvu isiyoonekana na kuitoa tena kama nuru, huitwa fosfa. Usiichanganye na fosforasi iliyomo katika mbolea. Majina yamekaribiana, lakini ni vitu viwili mbalimbali. Kadi, kitambaa au kioo kilichopakwa fosfa tutakiita kiwambo, kama ngozi iwambwayo juu ya ngoma.

Mwaka 1896, kule Marekani, Bwana Thomas Edison alijaribu maelfu ya chumvi na madini ili aone ni ipi ing'aayo zaidi mbele ya miali ile. Akaichagua kalsiamu tungsteti. Akatengeneza kisanduku cha kutazamia chenye kiwambo ndani yake: mtu akiweka mkono mbele ya kisanduku, mwenye kutazama huiona mifupa papo hapo. Msaidizi wake katika kazi hiyo alikuwa Clarence Dally. Siku baada ya siku Dally aliiweka mikono yake mwenyewe katika miali, maana wakati ule hapana aliyejua hatari yake. Ngozi ikaungua, vidonda vikakataa kupona, na madaktari wakalazimika kumkata mikono. Alifariki mwaka 1904. Edison aliiacha kazi ya miali ya X na hakutaka kuirudia.

Basi shika jambo hili, kwa kuwa mambo mengine yote ya leo yanalitegemea: kila picha ya eksirei ina gharama yake, na mwenye kuilipa ni mwili wa mtu. Miali ikipungua, mgonjwa anasalimika zaidi.

Sasa, mtu anawezaje kupunguza miali na bado akapata picha? Njia moja ni kuufanya unga wa kiwambo uwe mnene. Unga mnene hunasa miali mingi zaidi, kwa hiyo hung'aa zaidi, na miali michache yatosha. Lakini hapo pana kasoro. Nuru inayozaliwa ndani kabisa ya unga haitoki moja kwa moja kama mshale; hugonga punje hii na punje ile, ikatawanyika kila upande kabla ya kufika nje. Tone la samli likidondoka juu ya chapati moja nyembamba, upande wa chini utaona doa dogo. Likipenya chapati tatu zilizopangwa pamoja, doa la chini huwa pana na halina mpaka dhahiri. Ndivyo ilivyo kwa kiwambo. Kikiwa chembamba, picha ni safi lakini mgonjwa hupigwa miali mingi. Kikiwa kinene, mgonjwa hupata nafuu ya miali, lakini picha huingia ukungu. Na ndani ya ukungu huo alama ndogo ya kifua kikuu yaweza kupotea, mtu akaambiwa ni mzima naye ni mgonjwa.

Daktari achague kipi? Mwenye kiwanda cha viwambo vyembamba alisifu vyake, na mwenye vinene alisifu vyake. Pasipo kipimo, biashara ilikuwa ya maneno.

Tuwaache madaktari kidogo twende upande wa televisheni, kwa sababu kipimo kilitokea huko.

Mwaka 1897 Profesa Karl Ferdinand Braun, katika mji wa Strasbourg, alitengeneza tyubu iliyokuwa na kiwambo cha fosfa ndani yake. Mkondo mwembamba wa elektroni, yaani chembe ndogo sana za umeme, ulikigonga kiwambo na kufanya nukta ya nuru. Kwa sumaku aliweza kuisogeza nukta hiyo juu na chini. Braun hakuwaza televisheni. Alitaka kuuona mwendo wa umeme unavyopanda na kushuka. Waliomfuata ndio waliofikiri hivi: nukta ikikimbia upesi mno, nayo ikawa inang'aa zaidi hapa na kufifia pale, jicho litaona picha nzima. Nukta hukimbia kama jicho lako linavyosoma ukurasa huu: kutoka kushoto kwenda kulia, kisha mstari wa pili, kisha wa tatu, hata mwisho wa ukurasa.

Tarehe 2 Novemba 1936 shirika la BBC lilianza kutangaza televisheni kutoka Alexandra Palace, London. Kulikuwa na mitambo miwili iliyoshindana kwa zamu. Mmoja, wa John Logie Baird, uliigawa picha katika mistari 240. Mwingine, wa kampuni ya Marconi-EMI, katika mistari 405. Mnamo Februari 1937 mtambo wa Baird uliachwa. Tangu hapo fahari ya mataifa ikawa kuhesabu mistari. Marekani walichukua 525 mwaka 1941, nchi nyingi za Ulaya 625, na Wafaransa, wasiotaka kupitwa, wakaweka 819. Kwetu televisheni ilikuja baadaye: Kenya mwaka 1962, Uganda 1963, Zanzibar 1973 nayo ikiwa ya rangi tangu siku ya kwanza, na Tanzania Bara 1994. Wewe uliyewahi kukaa karibu sana na televisheni ya tyubu, huku wazee wakikukemea urudi nyuma, uliiona mistari ile kwa macho yako.

Lakini idadi ya mistari si udhahiri. Hapa yatupasa tukae kidogo.

Chukua daftari lenye mistari iliyokaribiana, kisha andika kwa kalamu ya ncha nene. Maandishi yataingiliana, wala mistari mingi ya daftari haitakusaidia kitu. Nukta ya elektroni ndiyo kalamu, na ncha yake si kali. Katikati inang'aa sana, na pembeni hufifia polepole. Tena punje za fosfa huitawanya nuru, kama tulivyoona kwenye chapati. Tena kioo kilicho mbele ya unga kina unene wake: sehemu ya nuru hugonga uso wa nje wa kioo, hurudi ndani, na kufanya duara hafifu kuizunguka nukta, kama ziwa la mwezi usiku wa ukungu. Na nuru nyingine ilikwenda nyuma, ndani ya tyubu, ikarudi na kuyafanya yale yaliyopasa kuwa meusi yawe kijivu. Kasoro hii ya mwisho ilipata dawa nzuri: mwaka 1946 D. W. Epstein na L. Pensak, wa kampuni ya RCA ya Marekani, walieleza namna ya kuwamba nyuma ya fosfa utando wa alumini mwembamba mno. Elektroni huupenya utando huo, lakini nuru haiwezi kurudi nyuma. Hutupwa mbele kwa mtazamaji.

Je, walijuaje kwamba picha imekuwa bora, na kwa kiasi gani?

Njia ya kwanza ilikuwa kutazama. Kadi iliyochorwa mistari myeusi na myeupe iliwekwa mbele ya kamera. Mistari ilianza ikiwa mipana, kisha ikasongamana kama mbavu za kuti zinavyoelekea nchani, na kandokando yake ziliandikwa namba. Mtu alitazama kioo cha televisheni akaisoma namba iliyo mahali pale ambapo mistari inakoma kuonekana mmojammoja, ikawa rangi ya kijivu tupu. Viwanda vya Marekani vilitumia kadi kama hiyo tangu mwaka 1946.

Ijaribu wewe mwenyewe. Chora kwenye karatasi mistari myeusi yenye upana wa milimita 1, ukiacha nafasi nyeupe ya milimita 1 kati ya mmoja na mwingine. Ibandike ukutani, kisha rudi nyuma polepole. Mwenye macho mazima, akifika mita 3 na nusu hivi, mistari itaanza kumpotea. Sasa mwite jirani yako naye ajaribu. Huenda asikubaliane nawe! Mwenye macho haambiwi tazama, wamesema wazee, lakini wenye macho wawili hawaoni sawasawa. Na mtu mmoja huona vingine taa ikipunguzwa. Hiyo ndiyo aibu ya njia ya kwanza. Tena hukupa namba moja tu, ya mahali ambapo picha imekwisha kufa, wala haikuambii ilikuwa na afya gani kabla ya kufa.

Njia ya pili ilikuwa ya ujanja zaidi. Fundi alichora kwenye kioo cha tyubu mistari ambayo idadi yake anaijua, tuseme 100. Kisha aliibana picha kutoka juu na chini, mistari ikakaribiana, hata nafasi za giza kati yake zikatoweka. Hapo alipima urefu wa picha kwa rula. Shika kalamu tufanye hesabu. Ikiwa picha iliyobanwa ina urefu wa milimita 50, na mistari ni 100, basi 50 ukigawa kwa 100 utapata 0.5. Upana wa mstari mmoja ni nusu milimita. Jicho bado ndilo lilikuwa hakimu, lakini kazi yake imerahisishwa. Wengine waliliondoa jicho kabisa: waliweka mwanya mwembamba mbele ya kifaa cha umeme kinachopima nuru, wakaipitisha nukta taratibu mbele ya mwanya huo, wakaandika mwangaza wake hatua kwa hatua, kutoka pembeni mpaka katikati na kutoka katikati mpaka pembeni.

Aliyeyaunganisha mambo haya ni Otto Schade, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi RCA. Alianza kuyachapisha mawazo yake mwaka 1948. Wazo lake utalielewa kwa urahisi, kwa sababu hivi sasa unasikiliza redio. Sauti yangu ina milio mizito na milio myembamba. Redio nzuri huifikisha yote. Redio duni hupitisha ile mizito lakini ile myembamba huififisha. Ndiyo maana herufi kama "s" na "f" hukupotea ukabaki kukisia neno. Mafundi wa redio walikuwa na desturi ya kupima mlio mmoja baada ya mwingine na kuandika ni sehemu gani ya kila mlio inayofika. Schade akauliza: kwa nini tusifanye vivyo hivyo kwa picha? Mistari mipana ni kama mlio mzito, na mistari myembamba iliyosongamana ni kama mlio mwembamba. Tusiulize tu ni wapi mistari inapotea. Tuulize, kwa kila wembamba, ni sehemu gani ya weusi na weupe iliyosalia.

Hesabu yenyewe ni ya kutoa, kujumlisha na kugawa. Tuseme weupe umepimwa ukawa 90, na weusi 10. Toa: 90 kuondoa 10 ni 80. Jumlisha: 90 na 10 ni 100. Gawa 80 kwa 100, jibu ni 0.8. Mistari ikizidi kuwa myembamba, weupe hushuka ukawa 60, na weusi hupanda ukawa 40. Toa, jumlisha, gawa: 20 kwa 100 ni 0.2. Picha haijafa, lakini imedhoofika, na sasa waweza kusema imedhoofika kiasi gani.

Faida kubwa ilikuwa hii. Picha hupita mikono mingi: lenzi, kamera, tyubu. Ikiwa kwa mistari ya wembamba fulani lenzi inafikisha 0.8, na tyubu inafikisha 0.5, zidisha: 0.8 mara 0.5 ni 0.4. Kwa hesabu hiyo fundi alijua ni chombo gani kinachoiharibu picha, asipoteze fedha kubadili lenzi wakati kosa liko kwenye tyubu. Mfaransa Pierre-Michel Duffieux naye alikuwa ameliandika wazo la namna hii kwa upande wa lenzi katika kitabu cha mwaka 1946.

Haya, turudi hospitali. Hata miaka ya 1940 daktari aliyetumia kiwambo alifanya kazi gizani. Alivaa miwani myekundu kwa dakika 20 au 30 kabla ya kuanza, macho yazoee giza. Mwaka 1941 Daktari W. Edward Chamberlain wa Marekani alitoa hotuba ambayo, kwa maoni yangu, yastahili kukumbukwa kuliko inavyokumbukwa. Alionyesha kwamba nuru ya viwambo ilikuwa hafifu mno hata jicho lenyewe halikuweza kuona mambo madogo. Jicho lina chembe za namna mbili: za mchana, zinazoona vitu vidogo, na za usiku, zinazotambua nuru hafifu lakini picha yake ni ya jumlajumla. Daktari gizani alitazama kwa chembe za usiku. Kiwambo kingeweza kuwa dhahiri kiasi chochote, na daktari asifaidike. Na kuongeza miali ili kiwambo king'ae zaidi ni kumwunguza mgonjwa.

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1948, pale John Coltman wa kampuni ya Westinghouse alipoeleza chombo chake cha kuongeza nuru. Miali ya X hugonga fosfa ya kwanza. Nuru yake hutoa elektroni. Elektroni hukimbizwa kwa umeme mkali na kugonga fosfa ya pili, iliyo ndogo, ambayo hung'aa kwa nguvu nyingi zaidi. Lakini tazama: picha sasa yapita fosfa mbili, na kila moja ina ukungu wake. Coltman hakuweza kukwepa swali la kipimo. Mwaka 1954 aliandika makala iliyoonyesha namna ya kupima kwa mistari ya kawaida, nyeusi na nyeupe yenye kingo kali, kisha kupata kwa hesabu jibu lilelile la njia ya Schade, ambayo huhitaji mistari inayofifia taratibu kama mawimbi. Kwa madaktari hilo lilikuwa jambo jema, kwa sababu mistari yenye kingo kali hutengenezwa kwa urahisi: chukua bamba la risasi ukate nyufa.

Miaka ya 1960 Kurt Rossmann, aliyefanya kazi Kodak kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Chicago, alivipima viwambo vya eksirei vyenyewe. Aliipitisha miali katika mwanya mwembamba kuliko unywele, ukaacha mstari mmoja kwenye filamu iliyobanwa na kiwambo, kisha akapima mstari huo umepanuka kiasi gani. Lile shauri la chapati nyembamba na chapati nene likapata namba. Muuza viwambo hakuweza tena kusema "vyangu ni bora" akaishia hapo. Aliulizwa ni kwa jozi ngapi za mistari katika milimita moja, na kwa miali kiasi gani.

Swali hilo likaleta unga mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zikaja fosfa za madini adimu, kama gadolini, zinazogeuza miali kuwa nuru kwa ufanisi kuliko ile ya Edison, kwa hiyo miali iliweza kupunguzwa bila kuunenepesha unga. Pia ikatumika seziamu iodidi, inayooteshwa kama sindano nyembamba zilizosimama bega kwa bega mfano wa matete. Nuru hufuata bua lake hadi mwisho badala ya kutawanyika. Chapati nene, doa dogo!

Televisheni za tyubu zimeachiwa nafasi na vioo bapa, na viwanda vya tyubu vimefungwa. Mnamo 2005 wanafizikia wa tiba wa Marekani bado walikuwa wakitoa mwongozo wa kuzipima tyubu zilizotumiwa na madaktari kusomea picha. Fosfa haikuondoka nazo. Mashine nyingi za eksirei za kompyuta zina ndani yake bamba la seziamu iodidi au la gadolini, na chini yake safu za vipima nuru mahali pa filamu. Kipimo chake kiliandikwa kama kanuni ya mataifa mwaka 2003: bamba la tungsteni lenye ukingo ulionyooka, unene wa milimita 1, huwekwa mbele ya mashine likiinamishwa kidogo tu, miali ikapita, na kompyuta ikasoma ni upana gani wa ukungu uliopo kati ya nuru kamili na giza kamili la ukingo ule.